Kilo Sitini na Nane

Mambo ya Verner yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne Machi, saa tano na robo asubuhi, na yaliharibika akiwa na furaha. Alikuwa ametoka kufunga bao kwa mguu wa kushoto, bao ambalo hata kipa wa upande wa pili alilipigia makofi, na sasa alikuwa ameketi kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, taulo shingoni, kipande cha mkate na jibini mkononi. Laiti angeutia mkate ule mdomoni kabla hajasema neno.

Wazee walikuwa kumi siku hiyo, mdogo wao akiwa na miaka sitini na sita, na mkubwa wao, Holger, akiwa na themanini na moja na goti la chuma. Kila Jumanne na Alhamisi saa nne walicheza mpira, watano kwa watano, kwenye nyasi bandia nyuma ya shule ya Sønderkær, hata mvua ikiwapiga ubavuni kutoka baharini. Halmashauri ndiyo iliyoanzisha timu. Madaktari wa chuo kikuu walikuwa wamesema kwamba mzee anayekimbia, akasimama ghafla, akageuka, akagombania mpira na mwenzake, mifupa yake inakaza na misuli yake inarudi. Wakubwa wa halmashauri waliipenda habari hiyo kwa sababu zao. Wazee nao waliipenda kwa sababu zao, na kubwa ilikuwa kutoka nyumbani.

Baada ya mpira kulikuwa na kipindi cha tatu, yaani kahawa, mkate, na kikombe kimoja kidogo cha ile pombe chungu ya mitishamba. Kipindi cha tatu kilikuwa na sheria mbili. Hakuna kuzungumzia ugonjwa. Na asiyejisifu ndiye anayeosha vikombe.

"Asilimia tatu," alisema Preben, akiisoma karatasi ya vipimo iliyobandikwa ukutani. Preben alikuwa ameendesha basi miaka arobaini, na sauti yake bado ilikuwa ya kuwaambia watu wasogee nyuma. "Mimi mifupa imeongezeka moja na nusu, huyu mchinja nguruwe tatu nzima. Anakula nini huko kwake?"

"Anakula anachokipika mwenyewe," alisema Holger. "Mifupa imekaza kwa woga."

Walicheka. Siku hiyo kulikuwa na mgeni, dada mmoja wa gazeti la bure la kila wiki, aliyekuja na kamera na kijidaftari, na wazee walikuwa wamenyoosha migongo zaidi ya kawaida.

"Haya, Verner," alisema Preben. "Jisifu, au beseni hilo hapo."

Verner alikuwa na miaka sabini na miwili. Miaka thelathini na minne alisimama kwenye sakafu yenye maji ya kiwanda cha kuchinja nguruwe, mpaka wenye kiwanda wakakihamishia nchi yenye mishahara midogo. Miezi kumi na minne nyuma daktari alikuwa amemwambia kwamba nyonga yake ni ya bibi wa miaka tisini, na kwamba akiteleza jikoni ndiyo basi. Sasa jina lake lilikuwa la kwanza ukutani.

"Mimi," alisema, akimtazama yule dada wa gazeti, "nilikuwa siwezi kubeba ndoo ya viazi. Sasa mke wangu ananyanyuka kama gunia la chakula cha nguruwe. Asubuhi na jioni. Na tukitaka, tunacheza na muziki."

Wazee walipiga meza. Dada wa gazeti aliinua kalamu. "Niandike hivyo hivyo?"

"Andika," alisema Verner. "Na jina uandike."


Gazeti lilitumbukizwa mlangoni Jumatano ya wiki iliyofuata. Jytte ndiye aliyelisoma kwanza, kwa sababu Jytte ndiye aliyesoma kila kitu kwanza katika nyumba ile. Alikuwa amekaa kwenye kaunta ya duka la ushirika miaka ishirini na tisa, akijua nani ananunua pombe na nani anapunguza nyama. Miaka mitatu iliyopita kiharusi kilimchukua mkono na mguu wa kulia. Ulimi kilimwachia kama kilivyoukuta.

"Gunia," alisema kutoka kitandani, mlango wa jikoni ukiwa wazi, gazeti likiwa mapajani.

"Kilikuwa kipindi cha tatu," alisema Verner. Alikuwa anapaka ini la kusaga kwenye mkate mweusi, na hakugeuka.

"La chakula cha nguruwe. Gunia hilo lina kilo ngapi?"

"Ishirini na tano."

"Mimi nina sitini na nane. Hata kwenye kujisifu umenipunja."

Verner alicheka kwa sababu aliona amesamehewa. Jytte hakucheka. Aliitazama ile picha, mume wake akiwa amekumbatia mpira, meno yote nje, na maneno ya gunia yameandikwa chini yake kwa herufi nene.

"Asubuhi na jioni, umesema. Na wanaokuja hapa asubuhi na jioni wakisoma?"

"Nani anasoma gazeti la bure."

"Mimi. Na kila mtu aliyeko chooni wilaya nzima."

Saa mbili na nusu mlango ulifunguliwa na Selam akaingia, akavua viatu, akaosha mikono. Selam alikuwa mhudumu wa halmashauri, mtu wa Eritrea, mwaka wa kumi na nane nchini, na simu iliyofungwa mkononi mwake ilihesabu dakika: kuoga ishirini na tano, kuvaa kumi, kifungua kinywa kumi. Yeye hakumnyanyua Jytte. Alimvisha mkanda mpana kiunoni, akamkanyagisha kwenye sahani inayozunguka, akamgeuza kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu. Siku ambazo Jytte alikuwa mzito zaidi waliitwa wawili. Sheria yao ilikataza mhudumu mmoja kumbeba mtu, na aliyekamatwa akibeba aliandikiwa barua.

"Mzee," alisema Selam, "naona umeniachisha kazi."

"Na wewe umelisoma?"

"Limebandikwa ofisini kwetu, juu ya mashine ya kahawa. Msimamizi kalichorea mstari mwekundu."

Verner aliweka kisu mezani. Siku za Jumanne na Alhamisi Selam alirudi saa nne kwa dakika tisini zaidi. Kwenye makaratasi ziliitwa dakika za kumpumzisha mwenza. Zile dakika tisini ndizo zilizokuwa mpira wake, ndizo zilizokuwa mifupa yake, kwa maana Jytte hakuweza kuachwa peke yake tangu siku ile alipoanguka akijaribu kuifikia redio.

"Wamekuuliza kitu?" alisema.

"Mimi hawaniulizi," alisema Selam. "Mimi wananihesabu tu."


Kuna jambo ambalo Verner peke yake ndiye aliyelijua lote. Mwezi wa Februari Jytte alitimiza miaka sabini. Binti yao alikuja kutoka mjini na keki, vibendera vidogo vya taifa vikasimamishwa mezani kama kawaida, na redio ikapiga wimbo wa ujana wao. Jytte alisema, si kwa kuomba, alisema tu, "Huu ningeucheza." Verner akainama, akapitisha mikono chini ya kwapa zake, akamnyanyua. Aliweka miguu ya mke wake juu ya miguu yake, akazunguka naye sebuleni wimbo mzima, mpaka mtangazaji alipoanza kusoma hali ya hewa. Jytte alilia shingoni mwake. Hakuwa amelia tangu kiharusi.

Asubuhi iliyofuata Verner hakuweza kufunga kamba za viatu. Kitu kilikuwa kimekatika chini ya mgongo, kama kamba ya mzigo. Alimwambia Jytte ana mafua. Aliwaambia wenzake wa mpira ana mafua. Alilala kwenye kochi la sebuleni siku kumi na moja, eti asimwambukize, na alipotaka kwenda chooni alisubiri Jytte asinzie ili asimwone akitambaa. Kwa daktari hakwenda. Daktari huandika, na kinachoandikwa kwetu hufika kote.

Maumivu yaliisha, akarudi uwanjani. Kukimbia aliweza. Kunyanyua hakujaribu tena. Lakini Jytte kila Jumapili, wimbo mzuri ukipigwa, alimtazama mume wake kwa jicho la mtu mwenye akiba benki.


Barua ilifika kwenye lile sanduku la posta ambalo si sanduku, bali liko ndani ya kompyuta. Serikali ilikwisha kuamua kwamba kila raia analo, ajue kulifungua asijue. Verner hakujua. Kila Ijumaa alikwenda maktaba, akapanga foleni, na mama wa maktaba akamfungulia.

"Imetoka halmashauri," alisema mama wa maktaba. "Nikusomee?"

Nyuma yake walisimama watu wanne. Mmoja alikuwa mjane aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwake.

"Soma kwa sauti ndogo."

Mama wa maktaba alikuwa na masikio mabovu na sauti kubwa. "Kutokana na taarifa mpya kuhusu uwezo wa mwenza wa kutoa msaada nyumbani, tutapitia upya huduma anazopewa mke wako. Mtatembelewa Alhamisi tarehe thelathini Machi, saa nne asubuhi. Si ni wewe uliyekuwa gazetini? Hongera."

"Ahsante," alisema Verner.

Saa nne, Alhamisi. Hata saa ya kumhukumu waliichukua kwenye mpira wake.


Jumanne kabla ya siku hiyo, Verner aliwaeleza habari ya barua, na kipindi kizima cha tatu hakuna aliyejisifu, na vikombe vilibaki mezani bila mwenye navyo.

"Hilo dogo," alisema Preben. "Tangu kesho usinyoe. Vaa lile sweta lenye tundu. Mtu wa halmashauri akigonga, chukua dakika tano kufika mlangoni, na ukifika, hema."

"Gereji kwangu kuna kigari cha marehemu dada, cha kuegemea ukitembea," alisema Holger. "Breki zake nzuri."

"Halafu nimwambie nini?"

"Mwambie mgongo."

Verner aliinua kichwa haraka. "Mgongo gani?"

"Wowote. Una mgongo au huna?"

Kasper, mwalimu wa mazoezi, alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wa mipira. Alikuwa mtu mwema mwenye ndevu chache, aliyelipwa na halmashauri, na tangu asubuhi hakuwa amepuliza filimbi sawasawa.

"Verner," alisema, "vipimo vyenu vya Februari wanavyo."

"Nani anavyo?"

"Idara ya wazee. Niliwatumia. Mlisaini."

"Tulisaini kupimwa mifupa," alisema Preben.

"Ukurasa wa pili." Kasper alitoa simu, akawaonyesha. "Kwamba matokeo yanaweza kutumika kupanga huduma."

Wazee kumi walitazamana. Hapakuwa na hata mmoja aliyesoma ukurasa wa pili. Kwetu mtu hasomi ukurasa wa pili wa karatasi yenye nembo ya halmashauri. Baba zetu walisaini bila kusoma, wakajengewa shule, hospitali na barabara, nasi tukasaini vilevile, tukidhani ni watu walewale walioko nyuma ya nembo.

"Lakini mnaifanyia nini mifupa ya mzee Verner?" aliuliza Holger. "Mnaiuza?"

Kasper aliwajibu akiangalia sakafu. Alisema fedha za timu zilitoka mahali fulani. Mzee akipata nguvu, saa za mhudumu hupungua nyumbani kwake. Saa zilizopungua ndizo zilizolipia nyasi, mipira na mshahara wake yeye Kasper. Aliyepiga hesabu hiyo alipandishwa cheo.

"Kwa hiyo tunakimbia ili tunyimwe," alisema Preben.

"Sikuiweka hivyo."

"Mimi ndiye nimeiweka. Nimekusaidia."

Verner aliuliza jambo moja tu. "Nikiacha kucheza?"

"Baada ya miezi michache mifupa itaanza kurudi ilikotoka," alisema Kasper. "Ile nyonga, Verner. Mimi nisingeacha."

Holger aliinuka na goti lake la chuma, akakusanya vikombe, akaviosha vyote mwenyewe.


Jioni ile Verner alikileta kigari cha marehemu nyumbani, akakisukuma barabara nzima akijifanya anamsaidia mtu kukihamisha. Jytte alikitazama kikiingia sebuleni.

"Hicho cha nani?"

"Cha kuazima. Cha Alhamisi."

"Utajifanya mgonjwa."

"Nitajifanya mzee."

"Hilo si la kujifanya." Mkono wake wa kushoto ulikuwa unakunja na kukunjua pindo la blanketi. "Kirudishe. Miaka ishirini na tisa nimewaona watu wakificha kitu chini ya koti, na hawajui jinsi wanavyotembea."

"Wakikata zile dakika tisini, mpira basi."

"Najua. Utazunguka humu ndani kama mbwa aliyefungiwa, na mimi sina mguu wa kukukimbia." Alimkazia macho. "Lakini si unaweza kuninyanyua? Tukiwaambia ukweli, kwamba unaweza kidogo, si daima?"

Verner alikikunja kigari, akakirudisha ukumbini. Breki zake kweli zilikuwa nzuri.


Alhamisi ilikuwa na jua na upepo wa magharibi, hali nzuri kabisa ya mpira. Saa nne kamili mwanamke anayeitwa Signe aligonga, akavua viatu mlangoni, akaingia na kompyuta kwapani. Soksi yake ya kulia ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba, na alipoona Jytte analitazama alikificha kidole chini ya kiti. Alikubali kahawa, akakubali na biskuti moja. Selam alikuwepo, kwa sababu zile dakika tisini zilikuwa bado hazijakatwa. Alikunja nguo dirishani, mgongo kwao, asikose neno.

"Kwanza, hongera, Verner," alisema Signe. "Tumefurahi sana pale ofisini. Ndicho tunachokitaka, wazee wenye nguvu."

"Hilo la gazetini lilikuwa utani."

"Ndiyo, ndiyo. Lakini utani mzuri." Alifungua kompyuta. "Tuanze na kipimo kidogo. Kiti hiki. Simama, kaa, simama, kaa, mikono kifuani. Nusu dakika. Mimi nahesabu."

Verner alikuwa amekesha usiku mzima akikipanga kipimo hicho, kwa maana Preben alimweleza kitakuwepo. Alisimama polepole. Alikaa kwa kuguna. Alisimama tena, akatikisika kidogo, akashika meza. Akamwona Jytte. Mke wake alikuwa amegeuza uso upande wa jiko, kama mtu anayemheshimu mwenzake anayevua nguo. Masikio ya Verner yakawaka moto. Alimaliza akiwa na nane.

"Nane," alisema Signe, akagusa kompyuta, akasoma kwa upole. "Mwanzoni mwa Februari, kwa Kasper, ulifanya kumi na saba."

Selam alikunja taulo lililokwisha kukunjwa.

"Siku hutofautiana," alisema Signe. Ule upole wake ndio uliouma. Angemwita mwongo, Verner angejua la kufanya.

"Unataka kahawa zaidi?" aliuliza Jytte.

"Hapana, ahsante. Imebaki moja tu." Signe alisogeza kompyuta ili wote waone. Palikuwa na sentensi moja, na chini yake vijisanduku viwili. "Je, mwenza anaweza kumnyanyua na kumhamisha mgonjwa peke yake, bila hatari, asubuhi na jioni. Ndiyo. Hapana."

"Nikisema ndiyo?" aliuliza Verner.

"Basi tunawaamini. Selam atakuja mara moja kwa wiki, kwa kuoga. Mengine ni yenu wenyewe. Sheria inasema nyumba yenye mtu mzima mwenye uwezo hujihudumia."

"Na zile dakika za Jumanne na Alhamisi?"

"Hizo ni za kumpumzisha mtu aliyeelemewa. Wewe utakuwa hujaelemewa." Aliongeza haraka, "Unaweza kukodi mtu. Kuna kampuni, kama kroner mia nne kwa saa."

"Saa tatu kwa wiki," alisema Jytte. Kichwa chake bado kilikuwa cha kaunta. "Elfu moja na mia mbili. Kabla ya kodi ya nyumba na dawa. Hapana."

"Na nikisema hapana?" alisema Verner.

Signe aliweka biskuti chini. "Basi itabidi nikiri kwamba nyumbani si salama tena kwa Jytte. Saa zaidi siwezi kutoa, sina. Nitampendekezea nyumba ya wazee."

"Ya hapa ilifungwa."

"Ndiyo."

"Mkaiuza. Sasa ni vyumba vya watalii wa Ujerumani. Wanaanika taulo pale pale mama yangu alipofia."

"Si mimi niliyeiuza, Verner."

"Si wewe. Si Kasper. Si yule wa maktaba. Miaka thelathini na minne nimechinja nguruwe, na kila nguruwe alikuwa na mtu aliyemchinja, na jina lake liliandikwa kwenye orodha."

Signe aliona haya, na haya ile ilikuwa ya kweli. Alisema nafasi ya kwanza ingetokea upande wa pili wa wilaya, kilomita arobaini na sita. Basi lilikuwepo mara mbili kwa siku, ila Jumapili halikuwepo. Alisema hakuna anayelazimishwa. Ni mapendekezo tu. Ila wakikataa mapendekezo, hawezi kuahidi hata zile saa za sasa.

Selam aligeuka kutoka dirishani.

"Samahani," alisema. "Mimi nina miaka thelathini na tisa. Nikimnyanyua mama huyu peke yangu mnaniandikia barua. Mmesema ni hatari kwa mgongo. Sasa huyu ana sabini na miwili."

"Sheria ile ni ya wafanyakazi," alisema Signe. "Verner si mfanyakazi."

"Ni nani basi?"

"Ni mume."

Selam alitikisa kichwa, akachukua lundo la nguo akaenda nalo chumbani. Simu ya mkononi mwake ililia kuhesabu dakika, akaizima.

Upepo ulileta kelele kutoka nyuma ya shule. Wazee walikuwa wameanza. Ilisikika sauti ya Preben ikiwaambia watu wasogee nyuma, kisha filimbi, kisha kicheko cha wengi. Walitakiwa kuwa watano kwa watano, na bila Verner upande mmoja ulikuwa pungufu. Miguu yake chini ya meza ilijisogeza yenyewe kidogo, kulia, kushoto, akaikandamiza sakafuni.

Neno lilikuwepo. Alikuwa nalo kooni tangu Februari. Angesema tu kwamba alimnyanyua mara moja, na mara ile moja ilimlaza chini siku kumi na moja, na hakukuwa na mafua. Ungekuwa ukweli, na Signe angeubonyeza, na mwezi wa Mei Jytte angekuwa kilomita arobaini na sita kutoka kwenye redio yake, akijua kwamba wimbo ule aliuchezea mgongoni mwa mtu aliyekuwa anavunjika.

Au angesema ndiyo. Angemnyanyua kesho asubuhi, na kesho kutwa, bila mpira, nyonga ikirudi taratibu kuwa ya yule bibi wa miaka tisini, mpaka asubuhi moja waanguke wote wawili kati ya kitanda na kiti, yeye chini au yeye juu.

"Chukua muda wako," alisema Signe, akatazama saa.

Jytte alinyoosha mkono wake wa kushoto juu ya meza, akapita vikombe, akashika mkono wa sweta la mume wake, lile zima, lisilo na tundu, kwa maana asubuhi ile yeye mwenyewe ndiye aliyekataa alivae lile lingine. Alimtazama kama anavyomtazama siku za Jumapili.

"Siku yangu ya kuzaliwa," alisema. "Wimbo mzima, mpaka hali ya hewa. Nilikuwa nahesabu, ukitaka kujua. Hukutetemeka hata kidogo. Mwambie." Vidole vyake vilikaza. "Siku ile uliweza, Verner. Si uliweza?"